Goti linaloachia: kisa cha fundi mwashi na vifaa vyake

Fundi mwashi wa Dar es Salaam, umri miaka 31, anaingia chumba cha fiziotherapia akiwa na soksi nyeusi ya goti aliyoinunua duka la dawa. Wiki 3 zimepita tangu aumie. "Daktari, maumivu nayavumilia," anasema. "Shida ni kwamba nikishuka daladala goti linaniachia." Mgonjwa huyu ni wa mfano. Kazi yake na vipimo vyake vimepangwa ili kueleza hali inayoonekana kliniki mara kwa mara, na makosa yaliyomo ni yale yanayojirudia kila goti la aina hii linapofungwa kifaa.

Aliumia kwenye ndondo, jioni ya Jumapili. Mguu wa kulia ulikuwa umekita chini, akageuka kuufuata mpira, na mchezaji mwingine akamwangukia goti kwa upande wa nje. Alisikia mlio, "ta!", na kabla giza halijaingia goti lilikuwa limejaa. Muda huo ni wa kuandikwa kwenye faili. Goti linalojaa ndani ya saa chache kwa kawaida limejaa damu, na kwa kijana aliyejizungusha juu ya mguu uliokita, damu hiyo mara nyingi hutoka kwenye ligamenti mkingamo ya mbele, ukanda imara ndani ya goti unaofunga mfupa wa paja na muundi, ile ambayo wachezaji na watangazaji wanaiita ACL. Goti linalovimba polepole hadi kesho yake humfanya mchunguzi afikirie zaidi meniskasi, gegedu lenye umbo la mwezi mchanga lililokaa kati ya mfupa wa paja na muundi.

Nyumbani alikandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa usiku 2 mfululizo. Joto na kuchua katika siku hizo za mwanzo huongeza kuvuja damu. Kilichomfaa ni barafu iliyozungushiwa kitambaa, dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa 2 au 3, mguu ukiwa umeinuliwa, na magongo ya kutembelea. Alipokwenda kutibiwa alipigwa eksirei, na hilo lilikuwa sahihi kwa sababu hakuweza kupiga hata hatua 4 siku ile wala siku ya pili. Mfupa haukuwa umevunjika. Akafungwa bamba lililonyoosha mguu mzima, akakaa nalo karibu wiki 3 bila kulifungua, kisha akalivua mwenyewe na kwenda kununua soksi.

Mikono inachokuta

Paja la kulia limenywea. Ukipima sentimita 15 juu ya katikati ya pia ya goti, mzunguko ni sentimita 46.5 kulia na 49 kushoto. Goti linapinda hadi nyuzi 70 tu. Linanyooka lote, na hiyo ni habari njema: goti lililogoma kunyooka, kana kwamba kuna kitu kimebana ndani, linaweza kuwa na kipande cha meniskasi kilichojikunja katikati ya kiungo, na hapo hakuna kifaa cha kufunga kitakachosaidia. Mgonjwa wa namna hiyo anapelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa bila kusubiri mazoezi.

Kisha ligamenti. Goti likiwa limepinda nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja na mwingine unavuta muundi mbele. Upande wa kushoto unafika mwisho kwa mkato, kama kamba iliyokazika. Upande wa kulia muundi unakuja mbele zaidi na mwisho wake ni laini, hauna mkato. ACL imekatika. Wapo wanaofanya kipimo hiki goti likiwa limepinda nyuzi 90, mgonjwa amelala chali. Goti lililovimba hupinda hivyo kwa shida, misuli ya nyuma ya paja hujikaza yenyewe, na jeraha linapita bila kuonekana. Kipimo cha nyuzi 20 hadi 30 kinaaminika zaidi.

Linafuata la pembeni. Kwa nyuzi 30, goti likisukumwa kuelekea ndani, upande wa ndani unafunguka takriban milimita 8 zaidi kuliko mwenzake, lakini mwisho wake ni mgumu. Mguu ukinyooshwa kabisa, haufunguki. Basi ligamenti ya upande wa ndani, MCL, imechanika kwa daraja la 2: sehemu imekatika, sehemu ingalipo. Ingefunguka hata mguu ukiwa umenyooka, tungekuwa tunazungumzia jeraha kubwa zaidi na safari ya haraka kwa bingwa.

Majeraha haya mawili yana tabia mbili tofauti, na mpango mzima wa vifaa umesimama juu ya tofauti hiyo. MCL ina damu ya kutosha na nyama kuizunguka; ikilindwa isivutwe, hupona yenyewe kwa wiki kadhaa. ACL inaogelea kwenye majimaji ya ndani ya kiungo, na ikikatika kabisa haitegemewi kuunga. Kwa hiyo kifaa cha MCL ni cha muda, cha kulinda kidonda kipone. Kifaa cha ACL ni cha kumsaidia mtu aishi na goti ambalo lina kizuizi kimoja pungufu.

Kwa nini soksi ilimwangusha

Soksi ya neopreni inabana, inatia joto, na inaifanya ngozi ilihisi goti lilipo. Kwa mtu mwenye maumivu ya kawaida ya goti msaada huo ni wa kweli, wala si haki kuudharau. Lakini haina kitu cha kuuzuia muundi usiende mbele. Mlango uliong'oka skrubu za bawaba hautakaa sawa kwa kuvikwa kitambaa.

Brasi, yaani kifaa chenye miimo (fito ngumu) miwili ya pembeni na bawaba, ni jambo jingine: kinaweka bawaba ya pili nje ya goti. Ila hapa ndipo wengi wanapojidanganya, wakiwemo wanaoviuza. Brasi haishiki mfupa. Inashika nyama ya paja na nyama ya mguu, na nyama inabonyea. Kwa nguvu ndogo, kama kutembea, kusimama na kupanda ngazi taratibu, brasi nzuri inapunguza kweli mwendo wa muundi kwenda mbele. Kwa nguvu kubwa ya kuruka na kugeuka ghafla, nyama inabonyea kuliko zile milimita chache zinazotakiwa kuzuiwa, na ulinzi unashuka sana. Joe Namath, mchezaji wa New York Jets, timu ya futiboli ya Kimarekani, alitengenezewa brasi katika hospitali ya Lenox Hill, New York, ambayo ikawa mfano wa nyingi zilizofuata. Ilimwezesha kuendelea kucheza. Magoti yake yote mawili hatimaye yalibadilishwa kwa ya bandia.

Kwa sababu hiyo, mahali kifaa kinapokaa na namna kinavyobana ni mambo mazito kuliko bei yake. Brasi ya gharama iliyoteremka sentimita 2 haimfanyii fundi huyu kazi aliyoinunulia.

Wiki ya 3 hadi ya 9: kuilinda MCL

Kifaa cha kwanza sahihi ni brasi ndefu ya miimo, kuanzia katikati ya paja hadi katikati ya shavu la mguu, yenye bawaba zinazowekewa mipaka. Nguvu yake kwa goti linaloangukia ndani ni ya sehemu tatu: pedi ya upande wa ndani, usawa wa goti, inasukuma nje, miimo ya nje, juu kwenye paja na chini mguuni, inarudisha ndani. Miimo ikiwa mifupi, nguvu ile ile inakaa juu ya eneo dogo na ngozi inaumia. Ndiyo maana zile soksi zilizoshonewa vipande vifupi vya chuma pembeni hazifanani na kifaa hiki, hata zikionekana hivyo dukani.

Mipaka iliwekwa nyuzi 0 hadi 90. Hakuna sababu ya kumfunga tena wima: wiki 3 za bamba zimeshamla sentimita 2.5 za paja. Wiki 2 za kwanza alilala nayo, maana usiku mtu hugeuka bila kujua na mguu ukabaki nyuma. Magongo mawili, halafu moja mkono wa kushoto, yaani upande usioumia, halafu hakuna, lakini baada tu ya kutembea bila kuchechemea.

Mazoezi yalianza siku ile ile. Kukaza misuli ya mbele ya paja mguu ukiwa umenyooka, sekunde 5, mara 10, na kurudia mara 4 au 5 kwa siku. Kuinua mguu ulionyooka, seti 3 za 10. Goti likilegea na kupinda kidogo wakati wa kuinua, zoezi hilo bado halijaiva, arudi kwenye kukaza. Kuburuta kisigino kuelekea makalio ili nyuzi ziongezeke. Kufikia wiki ya 6 goti lilifika nyuzi 115, mpaka wa bawaba ukafunguliwa. Wiki ya 9 upande wa ndani haukuuma tena ukisukumwa, na ufunguzi wake ulikuwa karibu sawa na wa kushoto.

Goti lakini liliendelea kumwachia, mara 3 katika wiki mbili za mwisho, kila mara akigeuka. Hilo ni la ACL.

Brasi ya mtumba

Kabla ya miadi ya wiki ya 9, kaka yake alimletea brasi ngumu kutoka soko la mitumba, ya bamba la mbele ya muundi na mikanda minne. Ilionekana nzima. Alipoivaa, baada ya hatua 30 ilikuwa imezunguka nusu kiganja kuelekea nje, na siku ya pili sehemu ya juu ya wayo wake, kuelekea kidole gumba, ikawa na ganzi.

Kulikuwa na makosa mawili. La kwanza, ilikuwa ya mguu wa kushoto. Ndani ya bamba mara nyingi kuna herufi L (kushoto) au R (kulia), na hata ikifutika, umbo linasema: bamba limekunjwa lilale kwenye uso bapa wa muundi, upande wa ndani wa ule ukingo mkali unaoushika kwa vidole. Ukiivaa mguu usio wake, bamba linapanda juu ya ukingo, linacheza, na mwili unalizungusha. La pili, kifaa kilipozunguka, mwimo wa nje ulikandamiza kinundu cha mfupa kilicho nje, chini kidogo ya goti. Nyuma ya kinundu hicho inapita neva inayoinua wayo. Ikibanwa, ganzi huanza juu ya wayo; ikiendelea kubanwa, wayo unaanza kuburuta. Ganzi ya hapo ni amri ya kuvua papo hapo. Yake iliisha kwa siku 2. Kwa maoni yetu brasi ya mtumba si dhambi, ila isivaliwe kabla mtaalamu wa vifaa saidizi hajaiona mguuni.

Kuvalisha brasi ya tatu

Kwa brasi hii, iliyo ya ACL, alipimwa akiwa amesimama, uzito miguu yote miwili: mzunguko sentimita 15 juu ya katikati ya pia ya goti, katikati ya goti, na sentimita 15 chini yake. Kipimo kinachoongoza saizi mara nyingi ni cha paja, na kwa mtu ambaye paja lake litaongezeka kwa mazoezi, anapokuwa katikati ya saizi mbili, uchaguzi unategemea kama mikanda na pedi zina nafasi ya kurekebishwa. Pasipo na brasi ya kiwandani ya kumfaa, karakana za viungo huchukua umbo la mguu kwa plasta na kuvuta juu yake plastiki ya polipropilini ya unene wa milimita 4 au 5 iliyopashwa takriban nyuzi 180 za Selsiasi, kisha miimo na bawaba zikafungwa. Moshi, kwenye chuo cha mafundi wa viungo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, ndiko mafundi wengi wa kazi hii wa Afrika Mashariki walikosomea.

Bawaba ikae wapi? Goti halizungukii kwenye pia. Papasa upande wa ndani mpaka upate ufa kati ya mifupa miwili, panda takriban sentimita 2, kisha rudi nyuma kidogo ya katikati, kiasi cha asilimia 60 ya unene wa goti ikiwa mbele ya kidole chako na 40 nyuma yake. Weka alama kwa kalamu. Bawaba ya kifaa ipite hapo, pande zote mbili kwa usawa mmoja. Ikikaa chini au mbele, mguu na kifaa vinapinda kwenye vitovu tofauti: mgonjwa akikaa, kitu kizima kinasukumwa, mkanda unachimba nyuma ya paja au shavu, na akisimama kimeshuka.

Mikanda ina mpangilio wake. "Fundi, kaa ukingoni mwa kiti, goti likunje nusu, kisigino chini." Kwanza mkanda ulio nyuma, juu tu ya tumbo la shavu la mguu, maana huo ndio unaoitundika brasi isishuke. Pili, mkanda wa chini kabisa. Tatu, ule wa nyuma ya paja juu tu ya goti. Mwisho, wa juu ya paja. Akianza na wa paja, kama wengi wanavyofanya kwa kuwa ndio ulio karibu na mikono, brasi inakazika ikiwa tayari imekaa chini. Bamba la muundi lazima liguse ngozi: ukiweza kupitisha kidole kati yake na mfupa, muundi una nafasi ya kwenda mbele kabla haujakutana na chochote. Kisha atembee hatua 50, achuchumae nusu mara 10, akaze tena. Alama ya kalamu ikiwa imeachwa zaidi ya sentimita 1, rekebisha pedi, usikaze tu.

Bawaba iliwekewa kizuizi cha kunyoosha cha nyuzi 10. Kwa sababu ile ile ya nyama kubonyea, goti lenyewe linanyooka kupita hapo, na ni sawa. Shabaha ni kulipunguzia ile hali ya kujitupa nyuma wakati kisigino kinapokita.

Siku ya kwanza aivae dakika 60 asubuhi na dakika 60 jioni, siku ya pili dakika 120 na 120, na kuendelea hadi jumla ya saa 6 au 8 kwa siku kufikia wiki ya pili. Kila akivua, aangalie ngozi. Vitabu husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa mkono: sehemu iliyo ya moto kuliko jirani yake, iliyo ngumu, au yenye mng'ao wa zambarau, isiporudi kawaida ndani ya dakika 30, imebanwa mno. Shavu lote likivimba na kuuma hata baada ya kuvua, hilo si la mkanda. Aende hospitali siku hiyo hiyo, maana damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa.

Kazini kuna adui ambaye maelekezo ya kiwandani hayamtaji: saruji. Uji wa saruji ukilowanisha sponji ya ndani, ukachanganyika na jasho na kubanwa kwenye ngozi kwa muda wa saa 6, unaunguza. Wiki ya kwanza kazini alirudi na ngozi iliyochubuka chini ya bamba. Dawa yake ni soksi nyembamba ya pamba ndani, suruali ndefu juu ya brasi, na sponji kubanduliwa kila jioni, kuoshwa kwa sabuni na kuanikwa kivulini. Bawaba zifutwe kwa brashi kavu. Mafuta ya cherehani au grisi yanashika vumbi, nalo husaga chuma. Kama inakwaruza, silikoni kavu inatosha.

Misuli, na uamuzi wa upasuaji

Utafiti uliofanywa Sweden kwa watu 121, ukachapishwa 2010, uliwagawa vijana wenye ACL iliyokatika: wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye wakihitaji. Baada ya miaka 5, karibu nusu ya kundi la mazoezi walikuwa hawajapasuliwa, na hali zao kwa ujumla zilifanana na za wenzao. Huo ndio msingi wa kumpa fundi huyu miezi 3 ya kujaribu kwa dhati kabla ya kuamua.

Zoezi lake kuu lilikuwa la kupanda na kushuka tofali la inchi 6 lililolazwa, yaani sentimita 15, seti 3 za 10, akishuka kwa kuhesabu hadi 3. Kuinuka na kukaa kitini kwa mguu mmoja. Kunyanyua makalio akiwa amelala chali, kisigino kimekita, kwa ajili ya misuli ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo inayouvuta muundi nyuma badala ya ACL. Kusimama mguu mmoja sekunde 30, halafu macho yamefumbwa, halafu juu ya godoro lililokunjwa. Nusu ya mazoezi alifanya bila brasi, mahali salama, ili misuli isiikabidhi brasi kazi yake.

Kilichobadilisha siku zake kuliko vyote ni namna ya kugeuka. Mwashi hubeba karai, hukita mguu na kupinda kiuno kumkabidhi mwenzake. Goti linabaki likisokotwa. Alifundishwa kugeuka kwa hatua ndogo 3, wayo ukienda pamoja na kiuno.

Mwezi wa 4 alirukishwa kwa mguu mmoja, mara 3 kila upande, ukachukuliwa urefu mkubwa: sentimita 118 kulia, 140 kushoto, sawa na asilimia 84. Jukwaa la mirunda lilibaki marufuku. Paja lilikuwa limefika sentimita 48, kwa hiyo pedi za juu zilibadilishwa kwa nyembamba zaidi. Mwezi wa 6 ilikuwa 131 kwa 142, asilimia 92, na goti halikuwa limeachia kwa wiki 9. Akaruhusiwa kupanda jukwaa akiwa na brasi, bila mfuko wa saruji begani. Kilo 50 hupandishwa kwa kamba na kapi.

Ndondo aliambiwa wazi: brasi hii haitoshi kwa mchezo wa kugeuka ghafla, na kila goti linapoachia meniskasi inaweza kuchanika. Akitaka kurudi uwanjani, njia ni kujengewa ACL mpya na miezi isiyopungua 9 ya mazoezi. Alichagua kazi. Makubaliano yaliandikwa kwenye faili: goti likiachia mara 2 ndani ya mwezi mmoja, likigoma kunyooka, au likijaa tena, anapelekwa kwa bingwa bila mjadala mpya.

Mwezi wa 8 velkro ya mkanda wa juu ya shavu ilikuwa imejaa nyuzi na vumbi, haishiki. Fundi viatu alimshonea nyingine ya upana ule ule, milimita 50, na brasi ikarudi kwenye alama.